Fimbo nyepesi kwa rili ya 2500: anza na uzito wa chambo

Wengi wanaoniuliza kuhusu fimbo ya kuvulia tayari wana rili mkononi, yaani kile chombo cha kukunjia mshipi. Wameletewa na ndugu aliye ughaibuni au wameinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Mombasa, na mara nyingi ni rili ya spiningi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ikiwa na namba ya ukubwa, 2500 au 3000, ubavuni. Wanachotaka kujua ni fimbo gani nyepesi itakayoifaa. Mimi huvua zaidi katika hori la Mtwapa na lile la Kilifi, nikitafuta kolekole wadogo, changu, mzia wadogo na chewa wanaojificha kwenye mizizi ya mikoko, na jibu langu ni kwamba rili isiachiwe ikuchagulie fimbo. Uzito wa chambo utakachorusha ndio unaochagua. Rili huja baadaye, ama ikakubaliana na uamuzi huo ama ikaukataa.

Fimbo hurusha kwa kupinda na kujinyoosha. Chambo kikiwa chepesi mno fimbo haipindi, na hata ukirusha kwa nguvu zako zote kitaanguka karibu na miguu yako. Kikiwa kizito mno fimbo inalemewa, na ipo siku itakatika. Ndiyo maana juu kidogo ya mpini, kwa maandishi madogo ambayo wauzaji wengi hawayatazami, mtengenezaji huandika uzito wa chambo ambacho fimbo hiyo inakibeba. Ukikuta 1/16–3/8 oz, kumbuka kwamba aunsi moja ni takriban gramu 28, kwa hiyo hapo pameandikwa gramu 1.8 hadi 10.6. Kwenye mahori yetu natumia vyambo vya plastiki laini vyenye kichwa cha risasi cha gramu 5 hadi 10, nami hutafuta fimbo inayoanzia gramu 3 na kuishia 12 au 14, ili chambo ninachokitumia siku nyingi kiangukie katikati ya kipimo wala si ukingoni.

Herufi UL, L, ML na M, zinazotaja nguvu ya fimbo kuanzia nyepesi kabisa (UL) hadi ya wastani (M), nazichukulia kama dokezo tu. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana, hivyo L ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko ML ya nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa alama kama IM6 au IM7 zinazoandikwa kwenye fimbo za kaboni: asili yake ni majina ya kibiashara ya aina za nyuzi za kaboni, si daraja za ubora, na hazisemi lolote kuhusu ustadi wa aliyeitengeneza fimbo.

Kando ya uzito wa chambo huandikwa nguvu ya mshipi, kwa mfano 4–10 lb, yaani takriban kilo 1.8 hadi 4.5. Maana yake ni kwamba mambo yakiharibika, mshipi ukatike kabla ya fimbo. Kwa mshipi wa kusukwa, ambao unene wake hutajwa kwa namba za PE, mimi huchagua PE 0.8, yaani kama milimita 0.15, kisha naunga mbele yake kipande cha nailoni nene kwa sababu chaza na mizizi ya mikoko hukata uzi wa kusukwa mara moja. Breki ya rili, inayouachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, naifunga kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 3.6 unataka breki ianze kuachia kwenye gramu 900 hadi kilo 1.2. Kwa hiyo maandishi ya kwenye kisanduku yanayojisifu kwamba rili inavuta kilo 9 hayaisaidii kitu fimbo nyepesi, kwani fimbo hiyo haitakiwi kuvutwa kwa nguvu ya namna hiyo kamwe.

Sasa turudi kwenye rili. Namba zake hazilingani kati ya kampuni na kampuni; rili za Daiwa za kabla ya mfumo wao mpya wa namba uitwao LT zilikuwa kubwa kuliko za Shimano zenye namba ileile, na Shimano wenyewe wana C3000, ambayo herufi yake C huonyesha kwamba spuli (kibuyu kinachozungushiwa mshipi) ya 3000 imewekwa juu ya mwili mdogo. Badala ya kuiamini namba, ipime rili kwenye mizani. Rili ya 2500 yenye uzito wa gramu 200 hadi 270 hukaa vizuri kwenye fimbo nyepesi ya futi 6 na nusu au 7. Jaribu ukiwa dukani: funga rili ambayo tayari ina mshipi, kwa sababu mshipi nao una uzito wake, kisha iweke fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya mguu wa rili. Ikitulia hapo au karibu na hapo, mkono wako hautachoka baada ya saa nzima ya kurusha. Ncha ikizama sana, utakuwa unaiinua kwa kifundo cha mkono mchana kutwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni pete ya kwanza kati ya zile zinazopitisha mshipi kwenye fimbo, ile iliyo karibu zaidi na rili. Spuli ya rili hii haizunguki wakati wa kurusha. Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, alisajili wazo hilo mwaka 1905, na tangu hapo mshipi umekuwa ukichomoka ukingoni mwa spuli kwa mizunguko mipana. Pete ya kwanza ndiyo inayoibana mizunguko hiyo hadi iwe mstari. Spuli ikiwa pana na pete ikiwa ndogo, fupi na karibu mno, mshipi hupigapiga mwili wa fimbo, umbali unapungua, na uzi wa kusukwa hujifunga mafundo hewani. Kijana mmoja wa Mtwapa alikuwa na rili ya 4000 juu ya fimbo ya UL, na kila aliporusha ulisikika mshipi ukichapa kaboni. Tulipofunga rili ya 2500 kwenye fimbo ileile, sauti ilikoma na chambo kikaenda mbali zaidi. Pete ndogo si tatizo ikiwa ina miguu mirefu inayoiinua mbali na fimbo, kama zinavyotengenezwa siku hizi.

Ukishika fimbo dukani, chukua kipande cha pamba na ukipitishe taratibu ndani ya kila pete ukikizungusha. Nyuzi za pamba zikinasa, hapo pana ufa ambao jicho halijauona, na ufa huo utaula mshipi wako. Pete ya nchani ndiyo inayoumia zaidi, anza na hiyo. Kisha kaza kikalio cha rili na uitikise rili kulia na kushoto. Isicheze hata kidogo. Usikubali muuzaji aikunje fimbo kwa kuishika nchani ili kukuonyesha inavyopinda, maana kaboni huvunjika kwa kukunjwa hivyo. Funga mshipi, mtu aushike, nawe uinue fimbo polepole.

Kuhusu urefu, nikiwa ndani ya mtumbwi kati ya mikoko futi 6 na nusu zinanitosha, kwani matawi yako juu ya kichwa. Nikiwa mwambani wakati wa kusi, upepo unapoupinda mshipi ukiwa bado hewani, nachukua futi 7 au zaidi kidogo.

Ikiwa rili uliyo nayo ni ya 4000, usiilazimishe kwenye fimbo nyepesi. Itafutie fimbo ya ML au M inayobeba gramu 10 hadi 30, uitumie kwenye mdomo wa hori wakati wa bamvua, maji yanapokwenda kasi na chambo cha gramu 7 hakifiki chini, na ile nyepesi uisubirishe hadi upate rili ndogo.