Rejeta ya hita ikitoboka: dashibodi itoke mara moja tu

Gari la Tanga linaweza kumaliza miaka bila mtu kugusa swichi ya hita, na bado rejeta ya hita ikatoboka. Hiyo rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi hutumia maji yale yale ya injini, yanayoingia na kutoka kwa mipira miwili inayopenya ukuta wa bati kati ya injini na chumba cha abiria. Magari mengi hayana koki kwenye mipira hiyo: maji moto huzunguka humo muda wote, na kile unachosogeza kwenye dashibodi ni mlango wa hewa tu. Yenye koki nayo hayajasalimika. Koki ikifungwa, maji hulala ndani ya vijirija, yaani mirija myembamba ya rejeta, huku presha ya mfumo ikiendelea kuvisukuma. Yakiwa ni maji matupu ya kisima chenye chumvi, bila kulanti (dawa ya rejeta), yatakula shaba au alumini polepole mpaka yapate njia.

Kazi yenyewe haihitaji ufundi wa ajabu. Kinachowashinda watu ni kuifanya mara mbili, ama kwa sababu tatizo halikuwa hita, ama kwa sababu walifunga dashibodi kabla ya kupima.

Zulia la upande wa abiria likilowa, wa kwanza kushukiwa mjini hapa ni AC. Evaporeta, ile rejeta ya AC inayopoza hewa ndani ya dashibodi, hutoa maji kila saa AC inapofanya kazi, na maji hayo hushuka kwa kijimpira kinachotokea chini ya gari. Kijimpira kikiziba kwa vumbi na uchafu wa majani, maji yanarudi ndani. Chukua kitambaa cheupe, kandamiza zulia, kisha angalia na unuse. Maji ya AC hayana rangi wala harufu, na hayatelezi. Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na ina harufu tamutamu. Kama ni AC, lala chini ya gari, zibua kijimpira kwa waya laini au kipulize, na kazi imeisha. Zulia linalolowa tu baada ya mvua za masika lina kesi nyingine: raba ya kioo cha mbele, au uchafu uliojaa chini ya waipa.

Hita inayovuja kweli ina dalili zake. Kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta-mafuta kwa ndani, ukiufuta unarudi. Ukiwasha feni, harufu ya kulanti inatoka kwenye matundu ya hewa. Maji kwenye chupa ya akiba yanapungua na chini ya injini hakuna hata tone. Tundu likiwa dogo, maji yanakuwa mvuke kabla hayajafika kwenye zulia, kwa hiyo zulia kavu lisikudanganye.

Ili kuthibitisha, azima pampu ya kupimia presha kwa fundi wa rejeta. Injini ikiwa baridi, ifunge mdomoni mwa rejeta kubwa na usukume hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, ambayo kwa Toyota nyingi za zamani ni 0.9 na kwa nyingine 1.1 (karibu sawa na bar). Usizidishe. Acha dakika 15. Mshale ukishuka, toa droo ya dashibodi na upapase chini ya sanduku la hita. Kama hakuna unyevu ndani wala kwenye injini, usikimbilie dashibodi. Gasketi ya silinda hedi ikiharibika nayo hunywa maji kimyakimya. Huna pampu? Unganisha mipira miwili ya hita nje ya gari, uendeshe wiki nzima, uangalie chupa ya akiba. Maji yakiacha kupungua, umeshapata jibu.

Huko kuunganisha mipira, mafundi wanakoita kupiga baipasi, ndiko magari mengi ya pwani yanakoishia, na si dhambi. Kuna sharti moja. Usizibe kila mpira kivyake kwa bolti na klempu kama wanavyofanya wenye haraka, kwa sababu kwenye injini nyingi njia ya hita ndiyo inayozungusha maji wakati themostati, mlango unaoruhusu maji kwenda rejeta kubwa injini ikipata moto, bado imefunga. Ukiiziba, themostati inachelewa kupata joto, na geji ya joto inapanda na kushuka ovyo. Unganisha mpira na mpira kwa bomba la shaba lililopindwa, kipenyo kile kile cha mpira, mara nyingi milimita 16, na klempu mbili. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani halifai. Likipata joto la injini linalainika na kuchomoka.

Kwa gari linalobaki pwani, lisilovuka Muheza, baipasi inatosha kabisa. Kwa gari linalopanda Lushoto, haitoshi. Juni na Julai kule vioo vinajaa ukungu alfajiri, na bila hita utaendesha kwenye kona za Soni ukifuta kioo kwa mkono. Isitoshe, kwenye mlima kutoka Mombo, geji ikianza kupanda, hita iliyofunguliwa hadi mwisho na feni kwa nguvu zote hupunguza joto la injini kiasi cha kukufikisha pa kusimama. Utatoka jasho, lakini silinda hedi itabaki salama.

Umeamua kubadili. Kwanza jua gari lako limejengwaje. Land Rover 110 na Defender za zamani ni neema: sanduku la hita liko kwenye chumba cha injini, unalitoa kwa boneti na dashibodi huigusi. Hiace na Noah zenye hita ya nyuma zina mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu, na kwa hewa ya bahari mabomba hayo mara nyingi huoza kabla ya rejeta yenyewe. Yachunguze kabla ya kununua chochote. Corolla, Mark II na wenzao wa miaka ya 1990 ndio wenye kazi ndefu. Sanduku la hita liko katikati nyuma ya dashibodi, na la evaporeta limebanana nalo upande wa abiria.

Hapo ndipo pa kufikiri. Kwa kawaida kulitoa sanduku la hita kwenye magari haya maana yake ni kulegeza la evaporeta, na kulegeza la evaporeta maana yake ni kufungua mabomba ya gesi. Kwa mtu wa Tanga, kuharibu AC ili kutengeneza hita ni hasara tupu. Kwa hiyo chungulia kwanza kwa tochi: magari mengine rejeta huchomolewa kwa ubavuni baada ya kutoa bati mbili tatu na vibano vya bomba, sanduku likiwa mahali pake. Kama haiwezekani, peleka gari kwa fundi wa AC mwenye mashine aivute gesi kabla hujaanza. Usiifyatue mwenyewe, inaunguza ngozi kwa baridi na inatoka na mafuta ya kompresa. Wakati wa kurudisha, weka oringi (raba za duara) mpya kwenye kila kiungio cha gesi, na fundi avute hewa nusu saa kabla ya kujaza.

Usifungue gari kabla spea haijafika. Rejeta ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililovunjwa Japani mara nyingi ni nzima kuliko mpya ya bei rahisi, lakini zote zipime: ziba bomba moja, pulizia hewa kwenye lingine, presha isizidi bar 1, na uizamishe kwenye beseni la maji. Povu likitokea, rudisha dukani. Kama unaagiza Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi, tuma picha ya ile ya zamani yenye rula kando yake, na upande wa mabomba uonekane vizuri, kwa sababu gari la jina lile lile linaweza kuwa na mabomba yaliyopinda tofauti. Rejeta ya shaba fundi wa Ngamiani hapa Tanga anaweza kuilehemu, na ikiwa imevuja kwenye maungio ya tangi, itadumu. Ikiwa vijirija vyenyewe vimeoza, usimpe kazi hiyo. Ya alumini badilisha tu.

Pamoja na rejeta nunua mipira miwili mipya, klempu nne, themostati na gasketi yake, kulanti, na sponji ya kunata yenye unene wa milimita 5 au 6. Hiyo sponji wengi huipuuza, nami naiona muhimu sawa na rejeta. Ndiyo inayozuia hewa kupita pembeni mwa rejeta, na kipande kingine hufunika mlango wa hewa moto na baridi. Ikiwa imekuwa unga, joto la hita litavuja na kuchanganyika na hewa ya AC, halafu utamlaumu fundi wa gesi bure.

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Chomoa waya hasi wa betri. Kama gari lina ebegi (mfuko wa hewa wa ajali), subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi yoyote ya manjano, na usiwashe swichi tena hadi zote zirudi. Fungua koki ya chini ya rejeta kubwa na utoe lita 3 hivi kwenye beseni. Hayo maji ni sumu na ni matamu, kwa hiyo mbuzi na paka wa mtaani watayafuata. Yafunike mara moja.

Mipira ya hita ikiwa imegandia, usiivute wala kuizungusha kwa koleo. Bomba la rejeta linapinda au kupasuka kwenye mshono, na hilo ni kosa kubwa hasa kama ulitaka kuilehemu. Ichane kwa wembe kwa urefu na uibandue. Kisha pulizia bomba moja kwa mdomo kupitia kipande cha mpira, maji yaliyobaki yatokee kwenye lingine ndani ya kopo. Ni kama nusu lita, na bila hivyo yatamwagikia kwenye zulia.

Toa viti vya mbele. Ni bolti nne kila kimoja, na mgongo wako utakushukuru. Halafu droo, sehemu ya katikati, redio, paneli za chini, saa za dashibodi (geji za spidi na joto). Plastiki iliyopigwa jua miaka 25 huvunjika kama kaukau ikiwa baridi, basi fanya kazi hii mchana gari likiwa na joto kiasi, na vibanio uvifungue kwa mwiko wa mbao uliochongwa ncha, si kwa bisibisi. Piga picha kila hatua, andika namba kwenye kipande cha tepu kwa kila plagi, na bolti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake. Waya za kuvuta za hita ziwekee alama ya rangi pale zinapobanwa kabla ya kuzitoa. Zikirudi zimesogea sentimita moja tu, mlango wa hewa haufungi hadi mwisho. Ukilegeza mti wa usukani, fungia usukani usizunguke, la sivyo utakata ule utepe wa waya za ebegi na honi.

Dashibodi ikigoma baada ya bolti zote kutoka, haijagoma. Kuna bolti hujaiona. Tafuta pembeni mwa milango, chini ya matundu ya kioo, na nyuma ya saa. Usiivute kwa nguvu. Sanduku la hita nalo mara nyingi lina nati inayofunguliwa upande wa injini.

Kabla ya kuweka rejeta mpya, osha sanduku, bandika sponji mpya, na hakikisha mlango wa hewa unacheza bila kukwama. Oringi za mabomba, kama zipo, zilowanishe kwa kulanti, wala usizipake grisi; grisi ya mafuta huivimbisha raba. Klempu zikaze mpaka mpira ubanwe, basi. Bomba la shaba likibinywa halitarudi umbo lake.

Sasa, dashibodi ikiwa bado nje, funga mipira, jaza maji, na usukume ile pampu ya presha hadi namba ya mfuniko. Acha nusu saa, kisha upitishe karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungio. Karatasi inaona unyevu ambao jicho halioni. Mshale ukikaa palepale, ndipo urudishe dashibodi.

Mwaga maji ya majaribio. Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri; soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Pwani hatuna barafu, lakini dawa ya kuzuia kutu ndiyo tunayoitafuta, kwa hiyo usishuke chini ya theluthi moja ya kulanti. Iliyochanganywa tayari kiwandani usiiongezee maji. Usichanganye kulanti mbili kwa kuamini rangi pia, maana kila kiwanda kina rangi zake, na baadhi zikikutana zinafanya uji unaoziba vijirija. Yai bichi na unga, ambavyo watu humwaga kwenye rejeta kuziba matundu, usivikaribishe tena kwenye mfumo huu; rejeta ya hita ina vijirija vyembamba, kwa hiyo huwa miongoni mwa vinavyoziba mapema.

Kutoa hewa kunahitaji pua ya gari iwe juu, na mji wetu ni tambarare, basi pandisha magurudumu ya mbele kwenye mbao imara, breki ya mkono na mawe yakishika ya nyuma. Hita kwenye joto la mwisho, feni polepole, mfuniko wazi. Washa injini na ubinye mpira wa juu taratibu kwa kitambaa huku ukiongeza kulanti, hadi themostati ifunguke na mipira yote miwili ya hita iwe moto. Mmoja ukibaki baridi, bado kuna hewa. Ukisikia maji yakitiririka nyuma ya dashibodi, hali ni hiyo hiyo. Funga mfuniko, acha ipoe usiku kucha, ongeza asubuhi, na uangalie chupa ya akiba kila siku kwa wiki moja.

Zulia litoe nje, ulioshe kwa maji ya bomba na sabuni pamoja na sponji ya chini yake, kisha ulianike juani siku mbili kabla ya kulirudisha. Kulanti haikauki yenyewe kwenye sponji; itaendelea kutia ukungu kwenye kioo, nawe utadhani rejeta mpya nayo imetoboka. Likiwa nje, kwangua kutu kwenye sakafu na upake rangi.