Kula vibichi tupu "kama yogi wa India": choroko za kuchipusha, na kwa nini jiko lisizimwe

Mkuu, umesema unataka kula vibichi tupu na umeacha maziwa pia, ukauliza mawili kwa pamoja: kama ni kweli mila za India zinafundisha kula vibichi tupu, na namna ya kuchipusha choroko zisioze kwenye joto la Dar. Naanza na la kwanza, maana ukilikosea hilo hata choroko zilizochipuka vizuri zitakudhoofisha.

Mila zile hazifundishi hivyo. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, imeweka uzito wake kwenye agni, yaani moto wa kusaga chakula tumboni, na chakula cha moto kilichopikwa kwa viungo na samli kidogo ndicho kinachohesabiwa kuwa chepesi kwa moto huo. Vitu vibichi, vikavu na vya baridi vinasemwa kuzidisha vata, yaani nguvu ya upepo mwilini: gesi, tumbo kujaa, choo kigumu, usingizi wa kukatikakatika. Hatha Yoga Pradipika, maandiko ya yoga ya karne ya 15 hivi, yanataja vyakula vinavyomfaa mwenye mazoezi: ngano, mchele, shayiri, maziwa, samli, tangawizi kavu, choroko, na yanamtaka aache robo ya tumbo lake tupu. Hicho ni chakula cha jikoni. Mgonjwa na mtu anayetoka kwenye mfungo hupewa kichri, mchele na choroko zilizoparazwa vikapikwa pamoja mpaka vilainike. Hapewi saladi.

Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India, ambao ndio wakali kuliko wote kwenye suala la kutodhuru kiumbe, wako mbali zaidi na hiyo dhana yako. Wengi wao hawali viazi, karoti, vitunguu wala kitunguu saumu, na washikaji wa masharti hawagusi hata kunde zilizochipuka, kwa imani kwamba ndani ya chipukizi mna uhai mwingi usiohesabika. Maji yao ya kunywa huchujwa na kuchemshwa. Ukialikwa kwa familia ya Kijaini Nairobi au Mombasa, usipeleke bakuli la choroko zilizochipuka ukidhani unawaheshimu. Kwa Wahindu wanaofunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, nafaka na kunde zote zinaachwa, ziwe zimechipuka au zimepikwa.

Kula vibichi kulikoenea India kunatokana zaidi na harakati za naturopathy (kujitibu kwa maji, jua, hewa na chakula cha asili), zilizochota mengi kwa waganga wa Kijerumani kama Louis Kuhne na Adolf Just. Gandhi alikuwa mfuasi wao mkubwa. Mwaka 1929 alijaribu chakula kisichopikwa kabisa, zikiwemo ngano na dengu zilizochipushwa, akawa anaripoti matokeo kwenye gazeti lake la Young India. Mwili ulidhoofika, tumbo likamsumbua, akaacha. Kabla ya hapo alikuwa ameapa mwaka 1912 kutokunywa maziwa, na baada ya ugonjwa mzito wa 1918 akakubali ya mbuzi, akaendelea nayo. Nayataja haya kwa heshima: mtu aliyekuwa na nidhamu kuliko karibu kila mmoja wetu alijaribu, akaona, akarudi nyuma waziwazi.

Sasa choroko (Wakenya mnaziita ndengu, Mombasa pojo). Nunua za kula, nzima na za kijani. Zilizoparazwa hazichipuki, na mbegu za dukani za kupanda zenye rangi nyekundu au ya buluu zimepakwa dawa, usizile kabisa. Za gunia sokoni uliza kama zimewekewa dawa ya unga ya ghalani. Muuzaji akisitasita, nenda kwa mwingine.

Chukua kikombe kimoja, kama gramu 200. Chambua mawe na punje zilizovunjika, usilipue hatua hii, kwa sababu punje iliyovunjika haichipuki, inaoza, na ikioza inaambukiza zilizo jirani yake. Osha mara tatu au nne mpaka maji yawe safi. Loweka kwenye maji safi ya kunywa yaliyopoa, vikombe vitatu au vinne: saa 6 hadi 8 kwa joto la Pwani, saa 10 hadi 12 kwa Arusha au Nairobi. Zikikaa kupita hapo majini zinakosa hewa, zinaanza kuchacha, na ukiona povu juu ujue umechelewa. Mwaga maji yake, suuza, kisha papasa kwa vidole utafute punje zilizobaki ndogo na ngumu kama changarawe. Hizo hazikunywa maji na zitakuvunja jino. Ziondoe.

Weka kwenye bakuli la matundu la kuchujia tambi, juu ya kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kina kisizidi vidole viwili. Funika kwa upande mwingine wa kitambaa, weka pahali penye kivuli na hewa. Suuza kila baada ya saa 6 kwa Dar, saa 8 hadi 12 kwa nyanda za juu, na kila ukisuuza acha maji yachuruzike yaishe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Choroko zinataka unyevu, hazitaki kukaa majini. Maji yakituama chini ya bakuli, tabaka la chini linapata utelezi na harufu ya uchachu wakati la juu linaonekana zuri kabisa, na mtu anachanganya yote pamoja akala. Rundo nene nalo linajipasha joto lenyewe katikati. Ingiza kidole: pakiwa pa moto kuliko juu, tawanya.

Dar utaona mikia ya sentimita moja ndani ya saa 24 baada ya kumwaga maji, Arusha saa 36 hadi 48. Ishia hapo. Zikipita sentimita mbili na kuanza kutoa majani zinakuwa na ladha ya nyasi. Kikombe kimoja kinatoa karibu vitatu. Harufu inayotakiwa ni ile ya kunde mbichi zilizotoka kumenywa. Zikiteleza, zikinuka au zikigeuka kahawia, tupa zote, hakuna kuokoa nusu. Zilizo nzuri zikaushe juujuu kwa kitambaa, tia kwenye friji, maliza ndani ya siku tatu.

Uzile vipi? Ushauri wangu ni kuzipitisha kwenye mvuke dakika 5 hadi 7, mpaka ya katikati iwe ya moto kabisa. Joto na unyevu vinavyochipusha choroko ndivyo vinavyokuza bakteria, na bakteria wakiwa wamejificha ndani ya nyufa za ganda la mbegu, kuosha kwa siki au chumvi hakuwafikii. Mwaka 2011 Ujerumani walipata mlipuko wa bakteria aitwaye E. koli uliotokana na chipukizi za uwatu: watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walikufa. Uwatu huuhuu tunaonunua dukani. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mtu yeyote mwenye kinga hafifu, asile chipukizi mbichi hata kama jikoni ni kusafi namna gani.

Ukitaka ladha ya kibichi yenye asili ya India kweli, tengeneza kosambari, saladi ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Nusu kikombe cha choroko zilizoparazwa na kumenywa (zile za njano), loweka saa moja, chuja vizuri. Changanya na tango moja lililokatwa vipande vidogo, vijiko viwili vya nazi iliyokunwa, kotmiri na maji ya nusu limau. Pasha kijiko kidogo cha mafuta, tia nusu kijiko cha chai cha haradali, subiri zipasuke, tia mvuje kidogo sana, mwagia juu. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, mezani, la sivyo tango linatoa maji na bakuli linageuka supu. Huliwa kidogo, pembeni ya chakula kilichopikwa. Tahadhari niliyoitaja juu ya wajawazito na wenye kinga hafifu inahusu hii pia.

Vipo ambavyo havina mjadala. Maharage mekundu usiyachipushe kwa kula mabichi. Yana lektini, sumu ya asili ya kunde, inayosababisha kutapika sana ndani ya saa chache. Loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali si chini ya dakika 10, kisha endelea mpaka yalainike. Muhogo mbichi unaotafunwa barabarani kwa chumvi na pilipili nao si chakula cha kujengea mlo, kwa sababu una sumu ya sayanidi, na ile mihogo michungu ni hatari kabisa.

Upande wa nguvu mwilini, hesabu zenyewe zinajieleza. Gramu 100 za chipukizi ndefu nyeupe za choroko zina kalori kama 30 na protini gramu 3. Gramu 100 za choroko zilizochemshwa zina kalori 105 na protini 7. Zenye mkia mfupi ziko katikati. Anayefanya kazi za mikono akiziweka kama mlo mkuu atakonda kwa wiki chache, na wanawake wanaokula vibichi tupu kwa muda mrefu hupatwa na hedhi kukatika kwa sababu hiyohiyo ya nguvu kupungua. Sahani yangu ninayoipendekeza ni robo vibichi, iliyobaki nafaka na kunde zilizopikwa. Chai ya rangi au ya maziwa isogezwe saa moja mbali na mlo, maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Limau au pera kwenye mlo huohuo linasaidia.

Jambo ambalo nakuomba usilipuuze ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na hakuna mmea wa kutegemewa kwa hilo, hata ule mwani wa unga uitwao spirulina. Mla mboga wa Kihindi wa jadi hali mayai lakini anakunywa maziwa na mtindi kila siku. Vikombe viwili vinamfikisha karibu na kiwango hicho, samli peke yake haimfikishi. Wewe umesema umeacha maziwa pia. Basi meza kidonge: mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Akiba ya kwenye ini inaweza kukubeba miaka kadhaa bila dalili, na foleti (vitamini B9) nyingi iliyo kwenye choroko inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika. Ganzi ya vidole vya miguu, ulimi kuwasha, kusahausahau: ukiziona, pima B12 hospitali kabla ya kubadili chochote kingine, kwa kuwa neva zilizokaa muda mrefu bila hiyo hazirudi zote.