Ukitaka watu wachezee kazi yako, soma hii kabla hujapiga msumari wa kwanza

Hii ni kwa nyie mnaoanza instalesheni, yaani kazi za sanaa zinazojengwa kujaza chumba au ukumbi mtu aingie ndani yake, na mnataka watu waguse, wapande, wavute. Mimi nipo upande wa kufunga na kurekebisha kazi kwenye kumbi za maonyesho kwahiyo naongea kama mtu wa bisibisi.

Kwanza kabisa, watu hawasomi kibao. Mtu akiingia anacheki mlinzi amekaaje na wenzake wanafanya nini, basi. Utaona mkono unasogea mpaka karibu na kitu alafu unarudi mfukoni, maana toka utotoni tumeambiwa kwenye maonyesho usiguse, na hapo hata uandike RUKSA KUGUSA kwa herufi kubwa haisaidii sana, anasubiri mtoto au jamaa mmoja asiye na aibu aanze. Akianza huyo, wengine wote wanafuata. Panga mapema nani ataanza siku ya ufunguzi, na ongea na walinzi kabisa, mlinzi mmoja mwenye sura ya "we! we!" anaua kazi nzima.

Sasa wakishaanza ndio shughuli yenyewe. Mwaka 1971 msanii wa Marekani Robert Morris alijaza ukumbi wa jumba la sanaa la Tate Gallery, London, na miteremko ya plaiwudi, kamba za kutembea juu yake, mizigo ya kuvuta, watu wakachangamka kupita kiasi, wengine wakaumia, ikabidi ifungwe baada ya siku chache tu. Mwaka 2009 ikajengwa upya Tate Modern, jumba lingine la Tate hukohuko London, safari hii usalama umefikiriwa vizuri. Kwahiyo pitisha kiganja kwenye kila ukingo wa mbao, kibanzi kimoja kidoleni kinatosha kukuletea kesi. Usijaribishe na marafiki zako wapole, leta watu wazima wenye kelele wapande watatu kwa pamoja huku wanapiga selfi, ndio hali halisi hiyo. Na hatari si kuanguka tu, zile mbegu za alizeti za kauri za msanii wa China Ai Weiwei, zilizotandazwa sakafuni hapohapo Tate Modern mwaka 2010, kama milioni 100 hivi, watu waliruhusiwa kuzikanyaga alafu wakazuiwa mapema kwasababu ya vumbi lililokuwa linatoka.

Kwa mimi mfano mzuri kuliko yote ni chumba cha msanii wa Japani Yayoi Kusama, kilianzia Brisbane, Australia, mwaka 2002 kikiwa kimelenga watoto. Sebule nzima nyeupe, kiti cheupe, meza nyeupe, unapewa stika za duara za rangi unabandika unapotaka. Hakuna wa kukosea, na alama yako inabaki, anayekuja nyuma akiangalia tu ukuta anajua cha kufanya bila kuuliza mtu. Linganisha na hizi kazi za bonyeza kitufe taa iwake, (samahani kwa wanaozipenda), mtu anabonyeza mara mbili anaondoka. Jiulize mtu wa mia atakuta nini ambacho wa kwanza hakukikuta, kama ni kile kile basi hapo umejenga swichi.

Mambo ya usafi na akiba mnayasahau sana. Stika zinaisha, betri zinakufa, kamba zinalika pale pale zinaposhikwa. Acha boksi la akiba ukumbini, na karatasi yenye picha ya kila kitu kinapokaa, na uelewane kwa maandishi nani anarudisha kazi sawa kila jioni kabla ya kufunga, wewe au wao.