Laini za simu kwa familia inayohamia Uingereza

Dada, umesema mnatoka Dar kwenda Leicester, wazazi wawili na watoto wawili, na umeshauriwa kuchukua mkataba wa miaka 2 pamoja na simu mpya. Usiuchukue kwa sasa. Mikataba hiyo hutaka akaunti ya benki ya kule na historia ya mikopo, na mgeni hana hata kimoja.

Anzeni na bando za mwezi mmoja mmoja zisizo na mkataba. Kampuni ndogo hukodi minara ya zile kubwa: giffgaff hutumia O2, Smarty hutumia Three, Lebara hutumia Vodafone. Bei huwa nafuu, na mkichoka mnahama na namba yenu. Kabla ya kulipa, angalieni kama minara hiyo inashika vizuri mtaa mtakaoishi. Bando rahisi lisiloshika nyumbani ni hasara. Watoto wadogo watatosheka na Wi-Fi, kwa hiyo laini mbili zinatosha.

Simu mlizonazo zinaweza kufaa, mradi hazijafungwa kwa mtandao mmoja na zinapiga simu kwa 4G. Hilo la 4G msilipuuze, maana 3G imezimwa kule.

Na tafadhali msitupe laini zenu za Tanzania! M-Pesa na benki hutuma namba za kuthibitisha kwenye laini hizo. Fungueni huduma ya kuzitumia nje kabla ya kupanda ndege, mzime data yake, na muweke salio mara kwa mara zisifungiwe.