Usilipie hiyo bodi tupu ya kamera! Maunti iliyokufa ilinila milioni mbili na ushee

Usilipe. Kama hujatuma hiyo pesa, iweke simu chini unisome kwanza. Kama umeshatanguliza chochote, mpigie jamaa sasa hivi umwambie umefiwa. Hutakuwa umedanganya sana, maana hicho unachotaka kukinunua kilishafariki, kilichobaki ni matanga.

Kwa waliochelewa: mleta mada ana milioni 1 na laki 6. Kapata mtoto wa kwanza, anataka mirolesi (kamera isiyo na kioo ndani) ndogo inayoingia kwenye mkoba wa mama mtoto, ya kumpiga mtoto (picha, jamani), ya safari za Lushoto na Bagamoyo, na ikibidi ya kujishikiza kwenye sherehe mbili tatu. Kauliza kama 4K (ile video kali) ni lazima, kama flashi inaumiza macho ya kichanga, begi gani zuri, mpya au mtumba. Halafu mwisho kabisa, kama mgonjwa anayeutaja ugonjwa wenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari, kasema amepata bodi tupu (kamera bila lenzi) ya Canon M50 kwa laki 8 na nusu, "lenzi nitatafuta taratibu".

Taratibu! Niliposoma hiyo "taratibu" nikasikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 2016. Na nyie wenzangu hapo juu mmejibizana weee, Sony na Fujifilm nani ana rangi nzuri ya ngozi, hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyu ndugu lenzi atazitoa wapi. Mmekaa mnamchagulia rangi ya jeneza.

Sasa sikiliza. Mwaka 2016 nilikuwa Morogoro, nina milioni 1 na laki 3 na nusu, nimezichanga kwa picha za pasipoti na ubatizo kwa kamera ya kuazima. Nikapanda basi hadi Kariakoo. Dukani nikakuta kajamaa kamechana nywele vizuri, kananiita "kaka mkubwa" kabla sijavuka kizingiti. Kakanitolea kadude kadogo, keusi, kazuri, kanajaa kiganjani. "Kaka mkubwa, hizi ndizo wanazotumia wazungu sasa hivi, yale matofali wameshaachana nayo." Nikauliza lenzi. "Lenzi kibao! Wewe ukitaka ni kuniambia tu." Kibao kweli, maana nilikuja kupigwa nacho.

Na si yeye peke yake. Usiku wa kabla yake nilikuwa nimemtazama mwalimu mmoja wa YouTube, jina silitaji, akiifungua kamera hiyohiyo toka kwenye boksi kwa robo saa nzima. Akataja megapikseli, akataja skrini ya kugusa, akataja uzito wake kwa gramu kama anauza dhahabu. Neno maunti halikutoka mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya. Hadi leo nikimuona anachekacheka kwenye skrini nasikia kichefuchefu.

Maunti ni ule mdomo wa bodi ambapo lenzi inajifunga. Usidhani ni pete ya chuma tu. Ina upana wake, ina pini zake za umeme za kuzungumza na lenzi, na ina umbali wake maalumu toka kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachopokea picha. Kila kampuni ina yake, na kampuni moja inaweza kuwa nazo tatu zisizoelewana. Kwa hiyo bodi ni bibi harusi, maunti ndiyo ukweni. Mimi nilioa mrembo, nilipofika ukweni nikakuta makaburi.

Na makaburi yapo mengi, msione mitandao inanyamaza. Samsung walianza maunti yao ya NX mwaka 2010, baadaye wakaachana na kamera kabisa. Pentax walikuwa na Q ya mwaka 2011. Nikon walikuwa na ile inayoitwa Nikon 1, mwaka huohuo 2011, wakaizika 2018. Na Canon walianza EF-M mwaka 2012, ndiyo hiyo ya M50 yako. Katika uhai wake wote Canon wenyewe waliitengenezea lenzi 8 tu. Nane! Mwaka 2022 wakatoa R7 na R10, kamera za sensa ya ukubwa uleule lakini kwa maunti yao mpya ya RF, na kuanzia hapo kila mwenye akili alijua msiba uko nyumba gani. Yangu ilitoka makaburi hayahaya. Ipi, hiyo ni siri yangu na mke wangu.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa harusi. Ukumbi taa za zambarau, MC anapiga kelele, bibi harusi anaingia akicheza na wasimamizi sita nyuma. Mimi nina lenzi iliyokuja ndani ya boksi, ile ya f/3.5 hadi 5.6 (namba ikipanda, tundu la mwanga linapungua). Nikivuta karibu, tundu linabana hadi 5.6. Hesabu yake ni hii: lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile ya 5.6. Mara kumi, ndugu yangu. Mimi nikawa nalipia upungufu huo kwa kupandisha ISO (ukali wa sensa kwa mwanga, unaoleta chengachenga) na kuchelewesha shata (mlango wa mwanga), na watu wanacheza singeli. Picha zikatoka kama uji wa ulezi. Wiki iliyofuata mama wa bibi harusi akanijia na bahasha mkononi, mpole kabisa, akasema: "Mwanangu, mimi nimezaa binti, sikuzaa mzimu." Nikarudisha laki 4.

Hapo nikaamua kutafuta lenzi yenye tundu kubwa. Nikarudi kwa kajamaa. "Aaa, hiyo kaka mkubwa mpaka tuagize." Zile kibao ziko wapi? Akacheka. Nikazunguka Kariakoo kuanzia asubuhi hadi miguu ikavimba. Canon za DSLR (yale matofali) zipo, Nikon za DSLR zipo, ya kwangu wanaigeuza mkononi kama mtu aliyepewa hela ya nchi nyingine. Nikaagiza mtumba Japani. Lenzi, usafiri na ushuru, laki 6 na elfu 30, wiki saba kuisubiri. Katikati ya kusubiri nikanunua adapta ya elfu 90 ili nifunge lenzi kuukuu za DSLR za rafiki yangu. Zikafunga, ila fokasi ya kuzungusha kwa mkono. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nina albamu nzima ya visogo vyake.

Lakini hayo yote ni mchuzi, nyama ndiyo hii. Mwaka uliofuata bodi ikanywa maji ya mvua, ikafa. Pale Mungu alinifungulia mlango! Nilitakiwa kusema alhamdulillahi, nihame. Mimi nikafanya nini? Nikawaza, "Nina lenzi ya laki 6, siwezi kuiacha yatima." Nikatafuta bodi nyingine ya maunti ileile iliyokufa, mtumba, nikalipa laki 6 nyingine. Nimenunua jeneza la pili ili la kwanza lisijisikie vibaya. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, "Baba Juni, hiyo si ndiyo ileile?" Nikamjibu kwa lugha ya kitaalamu kwa dakika ishirini. Akaenda kulala.

Miezi mitano baadaye lenzi ya Japani ikagoma. Ndani ya hizi lenzi kuna waya bapa unaokunjwa na kukunjuliwa kila unapovuta na kurudisha, ukikatika ndiyo basi. Fundi akaifungua, akaniangalia kama daktari anayetafuta ndugu wa marehemu. "Braza, hii hata ya kuchinja sina." Maana ya kwake ni kwamba lenzi ya Canon au Nikon za kawaida ikifa, analo boksi zima la mizoga, anachomoa kipande hapa anapachika pale. Yangu haina mzoga mjini. Nikauza vyote, bodi, lenzi ya boksi, adapta, betri tatu, kwa laki 4 na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe: 1,350,000 jumlisha 400,000 jumlisha 630,000 jumlisha 90,000 jumlisha 600,000. Ni 3,070,000. Toa 450,000. Kwa hiyo pesa mtu anaweka msingi Kihonda.

(Aliyeninunulia aliniuliza, "Lenzi zake zinapatikana?" Nikamwambia ukweli. Akanunua hivyohivyo. Kila mtu na mzimu wake.)

Sasa turudi kwenye M50 yako, nisije nikaonekana naichukia. Si kamera mbaya. Ya mwaka 2018, megapikseli 24, skrini inageuka, na lenzi ndogo ya 22mm f/2 ya maunti hiyo ni tamu kwelikweli. Ukiwasha 4K inakata picha pembeni na ile fokasi yake nzuri inazimika, kwa hiyo hiyo 4K isahau. Shida ni mbele ya safari. Lenzi ya EF-M imetengenezwa kukaa milimita 18 toka kwenye sensa. RF ni milimita 20. Ili uihamishie kwenye Canon mpya ungehitaji adapta yenye unene wa kasoro milimita 2. Mwenye karakana ya kutengeneza kitu chenye unene chini ya sifuri anijulishe, nina oda. Maana yake kila shilingi utakayoweka kwenye lenzi za EF-M inazikwa na bodi.

Mlango wa dharura upo mmoja. Lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, zinakaa milimita 44, kwa hiyo nafasi ya adapta ipo, kwenye M50 na hata kwenye RF, na fokasi inafanya kazi yenyewe. 50mm f/1.8 ya EF wapiga picha wa harusi wanayo karibu kila kona. Kama umeshaingia kwenye M50 na huwezi kutoka, nunua EF na adapta, usinunue EF-M hata moja zaidi ya hiyo 22. Ila kadude kako kadogo katakuwa na pua ndefu, sahau mkoba wa mama mtoto.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: unanunua lenzi, bodi inafuata. Ingia dukani useme, "Naomba lenzi yenye tundu kubwa ya kamera hii, bodi sitaki." Ukiona muuzaji anaanza kukuna kichwa, geuka uondoke. Pili, tafuta mtu mmoja wa mji wako, jirani, mpiga picha wa kanisani, yeyote, mwenye maunti hiyohiyo, anayeweza kukuazima au kukukodisha lenzi Jumamosi yako ikiungua. Watu wanasahau hili. Huku kwetu nusu ya vifaa vyetu vipo kwenye mabegi ya wenzetu. Ukiwa na maunti ya peke yako huna wa kumgongea mlango.

Mimi leo natumia Sony a6000, ya mwaka 2014, mtumba, skrini yake haigusiki na menyu yake imeandikwa na mtu mwenye hasira. Sijali. Maunti yake ya E ilianza 2010 na bado inatoa kamera mpya, lenzi niliyonayo itaingia kwenye a6700 ya 2023 siku nikipata hela, na hata kwenye A7, zile Sony za sensa kubwa, itafunga. Nina lenzi ya Sigma 30mm f/1.4, nyumbani usiku kwa taa moja ya sebuleni nampiga mtoto bila flashi. Kwa milioni 1.6 yako ningeanza na hiyo Sigma, halafu kinachobaki ndiyo kichague bodi, hata iliyochubuka. Fujifilm X nayo iko hai toka 2012, mtu akikuuzia vizuri chukua, ila lenzi zake pima mfuko kwanza. Micro Four Thirds, maunti ya Olympus na Panasonic ya tangu 2008, ni ndogo na lenzi zake ni nyingi mno duniani, lakini uliza kwanza huko uliko nani anazo. Nikon Z na Canon RF nzuri, kwa bei yako utapata bodi na lenzi ya boksi tu, na lenzi ya boksi tumeshaonana nayo ukumbini.

Ukipata tangazo lolote lingine, lilete hapa kabla ya kulipa, andika tu jina la kamera, nitakuambia kama ukweni kuna watu.

Ulikuwa umeuliza na nini? Begi. Mimi natumia la shule la mwanangu, lile la zamani lenye katuni, vibaka hawaligusi.