Shawa ya umeme inatoa maji kidogo? Usikimbilie pampu

Ukimwambia fundi wa hapa Arusha kwamba shawa yako ya umeme inatoa maji kiduchu, mara nyingi jibu ni moja: nunua pampu. Mimi nakwambia anza na ndoo.

Zima breka ya shawa kwanza, tena usitosheke na swichi ya ukutani. Fungua koki mpaka mwisho, kinga maji ndooni kwa dakika moja uone yamefika wapi. Kisha fungua shawa kwenye bomba, ukinge tena kutoka kwenye bomba tupu. Yakija kwa kasi, ujue bomba halina neno, kilichoziba ni shawa.

Ya kwangu hapa Njiro ilikuwa hivyo. Pale maji yanapoingilia nilikuta mchanga laini mweusi, na katikati yake vipande vya ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, vimejiviringisha kama uzi. Nilisuuza, nikatoboa vitundu vya uso wa shawa kwa sindano, basi. Vikiwa na ukoko mweupe, loweka uso huo kwenye siki usiku kucha. Ila usivipanue kwa msumari wa moto, nimeona watu wakifanya hivyo. Maji yanaishia kumwagika bila mpangilio.

Angalia pia kama mdomoni, pale maji yanapoingilia, kuna kipande cha plastiki chenye tundu dogo. Baadhi ya shawa huja nacho ili kupunguza presha kwenye nyumba zenye maji ya nguvu. Kwa maji ya simtanki la karibu hakina kazi, soma karatasi ya maelekezo kisha ukitoe.

Kama hata bomba tupu linalegea, panda mnarani. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya takriban baa 0.1 tu, na kimo chenyewe kinapimwa kuanzia usawa wa maji ndani ya tenki mpaka kwenye shawa, siyo mpaka chini. Mnara wa mita 3 na shawa iliyo mita 2 juu ya ardhi, tenki likikaribia kuisha unabakiwa na mita moja na ushee. Hapo shawa nyingine haziwaki kabisa, kwa sababu maji hayana nguvu ya kusukuma ule mpira wa ndani unaogusanisha umeme. Kuinua mnara ni gharama. Kubadilisha bomba la nusu inchi linaloshuka kutoka tenki, ukaweka la inchi moja lenye kona chache, ni nafuu na huleta tofauti.

Halafu kuna jambo ambalo wauza pampu hawalisemi. Shawa ya wati 5,500 inaweza kupandisha joto la lita 3 kwa dakika kwa nyuzi kama 26. Ukipitisha lita 6, unapata nyuzi 13. Sasa Julai, maji yanatoka bombani yakiwa baridi kweli, nawe unabana koki ili upate moto. Huo siyo ubovu, na pampu itakuongezea maji ya uvuguvugu tu. Dawa ni shawa yenye wati nyingi zaidi, au hita ya tenki kama mfuko unaruhusu. (LUKU nayo itakusalimia.)

Pampu ina mahali pake: nyumba ya ghorofa, au tenki lililo chini. Chukua ndogo inayojiwasha yenyewe, ifungwe baada ya tenki, isiunganishwe moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, na presha yake isizidi ile iliyoandikwa kwenye shawa.

Ukiongeza wati, mwite fundi umeme kabla ya fundi bomba. Wati 5,500 zinavuta takriban ampea 24, kwa hiyo waya mwembamba wa soketi za kawaida utapata moto. Mwambie apime pia eathi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukigusa koki ukahisi mkono unawashwa-washwa, zima breka, mwoge maji ya ndoo mpaka atakapofika.