Ukikutana na "get", tazama neno linalofuata

Nimefundisha watu wazima Kiingereza kwa muda mrefu, na neno linalowachosha zaidi si lile refu lenye silabi nyingi. Refu ukilitafuta kwenye kamusi mara moja, yamekwisha. Linalowachosha ni "get". Leo utalikuta lina maana hii, kesho ile, na keshokutwa nyingine kabisa.

Karibu kila mtu hufundishwa mwanzoni kwamba "get" ni kupata. Si uongo. Neno hili liliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Waskandinavia, nao walisema "geta" kwa maana hiyohiyo. Lakini miaka mingi imepita na neno limetanuka mno. Darasani mimi hupenda kuandika ubaoni sentensi hii: "It got dark, I got wet, and when I got home I got my brother to get me a towel." Kwa Kiswahili: Giza liliingia, nikalowa, na nilipofika nyumbani nikamwomba kaka yangu aniletee taulo. "Get" imetajwa mara tano, na kupata hakumo hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiulize "get" maana yake nini, uliza limefuatwa na nini. Likifuatwa na kitu, ni kupata, kupokea, kununua au kwenda kuleta. Likifuatwa na mahali, ni kufika. Likifuatwa na sifa, hali imebadilika: "get tired" ni kuchoka, "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika. Kiswahili hakihitaji neno la kusaidia hapo, kitenzi chenyewe kinatosha. Ndiyo maana mwanafunzi huitafuta "get" kwenye tafsiri asiione.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote, na ambalo vitabu vingi vya sarufi havimwambii Mswahili, ni kwamba kazi nyingi za "get" sisi tunazifanya kwa kubadili mwisho wa kitenzi. "The cup got broken": kikombe kilivunjika. "She got paid": alilipwa. "They got married": walioana. "I got my hair cut": nilinyolewa, yaani mkasi ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, tofauti na "I cut my hair", ambapo huenda nilishika mkasi mwenyewe. Mtu aliyekua akisema vunja, vunjika, vunjwa na vunjisha tayari anazijua tofauti hizi. Kinachobaki ni kuona Kiingereza kimeziweka wapi.

Ukitaka kusema umemfanya mtu atende jambo, angalia "to". "I got him to come" ina harufu ya kushawishi au kubembeleza kidogo. "I made him come" inaweza kuwa ni kwa lazima. Wanafunzi wengi huichukulia tofauti hii kama ndogo, lakini kazini inaweza kumuudhi mwenzako.

Halafu kuna "got". "I've got a car" ni nina gari, basi, wala hakuna habari ya kulipata. Mmarekani akitaka kusema amelipata atasema "I've gotten a car", namna ambayo Mwingereza wa leo haitumii sana. "I've got to go" ni lazima niondoke, na katika mazungumzo ya haraka utasikia "gotta". Zoeza sikio lako mapema.

Kuhusu "get up" (kuamka), "get over" (kupona au kusahau machungu), "get by" (kumudu maisha), "get along" (kuelewana) na ndugu zao, usikariri orodha. Nimeona watu wakijaza kurasa nzima na wiki ijayo hawakumbuki kitu. Andika kila moja ndani ya sentensi inayohusu maisha yako, uisome kwa sauti, kisha uitumie siku hiyohiyo kwa mtu.

Katika barua ya kikazi au ripoti, punguza "get". Andika "receive" (kupokea), "obtain" (kupata) au "become" (kuwa). Ila usihamishie tabia hiyo kwenye mazungumzo. Anayemwambia rafiki yake "I obtained some milk" anaeleweka, lakini rafiki atahisi anasomewa barua ya ofisi.